Niliwapikia Siku Waligawa Mutoto Wangu

Niko na miaka makumi mbili na nne, na watoto wawili. Mumoja iko hapa ku magoti yangu, ananyonya wakati ninaandika. Mwingine iko Komanda. Kule anaita mwanamuke mwingine mama... na miye ananiita tantine, shangazi.

Musome ile neno mara mbili. Tantine! Miye mwenye nilimuzaa!

Siandiki juu munihurumie. Huruma nilipata mingi na haikunirudishia kitu. Ninaandika juu niko na hasira, na juu ninajua leo hii, hapa Bunia, kuko musichana mwenye anaamusha bwana yake kila asubui na swali moja tu: ngombe ziko wapi? Dada yangu, nisikilize kwanza.

Nilimaliza sekondari. Mu mwaka ya mwisho tulikuwa na somo ya sosioloji. Mwalimu alichora ngazi ku ubao: baba juu, mama katikati, watoto chini. Akauliza ni nani anaamua mu jamaa. Darasa nzima tukajibu: baba! Miye nilipaza sauti kupita wote. Ku interro, ule mutihani mudogo, nilipata kumi na nane juu ya makumi mbili, nikafurahi sana. Nilifikiri ile ni somo ya kuandika tu na kusahau.

Nyuma ya masomo nilimupenda Innocent. Alikuwa anatengeneza pikipiki pembeni ya barabara, mikono mafuta, mudomo utani. Nikapata mimba, nikamufuata kwake Rwambuzi. Hakukuwa mahari, hakukuwa sherehe. Ni ile watu wanaita yaka tofanda, kuja tukae. Neema akazaliwa. Mutoto mwenye kucheka, mwenye kuimbia kuku kama ni watu.

Lakini kanisani nilikuwa ninaona haya. Wamama wenye walitolewa mahari walikuwa na chama yao, na kitenge yao moja, wanakaa mbele. Miye nilikaa nyuma, karibu na mulango. Siku ya meza ya Bwana, mama mumoja alinirudisha na mukono tu.

Njo nikaanza. Kila asubui kabla Innocent hajavaa viatu ninamuuliza, ngombe zangu ziko wapi? Mwanzo alicheka. Alisema: "Weye ni bibi ama ni muchunga ngombe?" Kisha akaacha kucheka. Nikanuna. Nikapika chumvi mingi kusudi. Nikamwambia kama yeye ni mwanaume aonyeshe.

Na munajua kitu gani sikujua? Ile miaka mbili yote, kwa desturi ya kwetu, Neema alikuwa wa kwetu. Mwanaume mwenye hajatoa ngombe hana neno ku mutoto. Baba yake Innocent hakuwahi hata kumubeba. Miye mwenyewe nilikuwa nimeshika mutoto wangu kwa mikono mbili... na nilikuwa ninalia waje wanikamatie!

Siku moja Innocent akarudi, akaniambia bila kuniangalia machoni: "Ngombe zako zimepatikana."

Sikuuliza zimetoka wapi. Nani angeuliza? Niliruka, nilipiga vigelegele mupaka majirani wakatoka.

Ngombe tano ziliingia kwetu Bigo, mu kiwanja ya mama. Kaka yangu Gilbert alicheza kuliko watu wote. Nilifikiri anafurahi juu yangu. Mwezi haukuisha, zile ngombe tano zikatoka kwa ule mulango zilipita kuingia, zikaenda kwa baba ya musichana Gilbert alikuwa anataka kuoa. Miye sikunywa hata kikombe moja ya maziwa.

Lakini nilivaa kitenge ya chama! Nilikaa mbele!

Nyuma ya juma moja, muzee, baba yake Innocent, akafika kwetu Rwambuzi. Ilikuwa mara ya kwanza. Akamuita Neema, akamukalisha ku goti. Akamufungua mudomo, akaangalia meno. Akaniuliza kama aliacha kunyonya. Nikamujibu ndiyo, muzee, zamani. Akatingisha kichwa kama mutu mwenye amemaliza kazi, akaaga. Hata maji hakunywa.

Nikajiambia, ni upendo ya babu.

Kisha akaanza kuja Yaya Charlotte. Ni dada mukubwa ya Innocent. Aliolewa Komanda, na mu miaka yote ya ndoa yake hakupata mutoto. Kila mara alikuja na kitu: robe, viatu, kofia. Viatu vilikuwa vikubwa. Nikamwambia, Yaya, hivi vinamupita. Akajibu: "Atakomaa, vitamutosha."

Aliniuliza mambo. Neema anakula nini? Analala upande gani? Akiogopa, unamuimbia nini? Akipata homa, unamupatia dawa gani? Na miye, mujinga, nilimwambia yote! Nilimufundisha ile wimbo yangu mupaka aliijua. Nilifikiri nimepata dada...

Siku moja Innocent akaniambia kama Jumamosi wazee ya ukoo watakuja, nipike vizuri. Nikauliza wanakuja juu ya nini. Akasema: "Mambo ya ukoo. Weye pika tu."

Nikapika. Mungu wangu, vile nilipika! Asubui nilienda soko kununua kuku wawili. Nikatwanga majani ya sombe, nikasonga fufu, nikawasha mbabula mbili, zile jiko za makaa. Moshi ilinijaa macho. Nilitaka waseme kama ngombe zao hazikupotea bure.

Kila mara niliingia mu saloni na sahani, sauti ilikatika. Ninapiga magoti, ninapakua, wananyamaza. Ninatoka, sauti inarudi. Neema alikuwa ku miguu ya Yaya Charlotte, amevaa robe mupya, nywele imesukwa. Nani alimusuka? Sikuwa miye.

Muzee alikula, akajilamba vidole, akasema: "Leo bibi ya Innocent amepika kabisa! Hata mwenye meno mabaya amekula." Wote wakacheka. Na miye nikacheka. Nilicheka nao!

Walipomaliza, muzee akaniita, nikaushe mikono, nikae ku mukeka. Akasema ukoo umekata neno: Neema atakaa kwa shangazi yake Komanda, leo hii, pikipiki inangojea. Akasema vile mutu anasema mvua itanyesha.

Nikamuangalia Innocent. Alikuwa anafyonza mufupa ya kuku. Ile mufupa haikuwa na kitu tena, lakini alifyonza tu...

Nikasema: "Lakini miye njo mama yake."

"Hakuna mwenye anakataa," muzee akajibu. "Ni weye ulizaa. Lakini ngombe njo zinasema mutoto ni wa nani. Ama haukuzitaka?"

Nikasimama kwenda kutafuta nguo za mutoto, nimufiche, sijui, nilikuwa kama nimepotea. Nyuma ya mulango ya chumba nikakuta mufuko imefungwa. Ndani: nguo zote za Neema, blanketi yake, hata kijiko yake. Nani alipanga? Yaya Charlotte alikuwa hajafika asubui. Ni Innocent! Wakati miye niko soko ninachagua kuku ya kuwapikia, yeye alikuwa anakunja nguo za mutoto wangu!

Neema alipanda pikipiki akicheka. Aliniaga na mukono. Yaya Charlotte akaniambia polepole: "Usilie mbele yake, utamutisha." Nikanyamaza. Hata ile nilitii.

Nikakimbia Bigo, kwetu. Nikawaambia mama na Gilbert kama ndoa imekwisha, tuende tumurudishe Neema. Gilbert alisikiliza mupaka mwisho. Kisha akanionyesha bibi yake, alikuwa amekaa pale nje anamenya mihogo, tumbo kubwa.

"Ukiachana na Innocent, watataka ngombe zao. Ngombe zao njo huyu. Unataka nimurudishe? Sema mbele yake!"

Yule musichana hakuinua macho. Aliendelea kumenya. Mama akaniambia nivumilie, nitazaa wengine. Nilikuwa tayari na mimba ya miezi mbili. Kama vile mutoto ni kikombe, moja ikivunjika unaweka ingine!

Nilirudi Rwambuzi, nikavumilia miezi nne. Innocent hakutaja jina ya Neema, na miye sikumupikia tena na chumvi. Kisha siku moja nikapanda pikipiki na tumbo yangu, nikafuata njia ya Komanda. Munajua ile njia, vile watu wenye silaha wanavizia. Taximan mwenyewe aliniuliza: "Mama, ni lazima?" Nikamwambia ni lazima. Mahali nyumba zimebaki bila watu, aliongeza mwendo, na miye nilishika tumbo.

Neema alikuwa nje, amevaa vile viatu. Sasa vilimutosha. Nikamuita. Akakimbia, akajificha nyuma ya kitenge ya Yaya Charlotte. Halafu akachungulia, akauliza: "Mama, huyu tantine ni nani?"

Hakuniuliza miye...

Nilitaka kumupiga Charlotte. Nilienda na ile nia kabisa. Lakini mutoto alikuwa musafi, alikuwa amenona, na yule mwanamuke alikuwa anaogopa kunipita. Akaniletea kiti. Akasema: "Bwana yangu alikuwa amenipatia mwaka moja. Nyumba ikibaki bila mutoto, anirudishe kwetu na adai ngombe zake. Na zile ngombe baba alikuwa amezitoa."

Nikamuuliza, alizitoa wapi?

Akaniangalia kama mutu mwenye anasikia huruma. "Innocent hakukuambia? Ngombe zangu njo zilikuja kwenu. Baba alimukatalia mara mingi, alisema zile ni za kungojea kama nitarudishwa. Innocent mwenyewe njo alisema: nipatieni ngombe, nitatoa Neema, Yaya hatarudishwa tena."

Mumesikia vizuri? Kila asubui nilipouliza ngombe zangu ziko wapi, nilikuwa ninamufundisha bwana yangu kuuza mutoto wangu! Na yeye hakuwa na ubaya ya kunipiga, hakuwa mulevi. Alitaka tu ninyamaze. Alitaka kuitwa mwanaume.

Muangalie sasa vile tumefungwa. Ngombe tano. Charlotte akirudishwa, zinadaiwa kwa baba yake. Baba yake anazidai kwetu. Sisi tunazidai kwa wazazi ya bibi ya Gilbert, na yeye anarudi kwao na tumbo. Wanamuke watatu, na hakuna hata mumoja mwenye aliwahi kukamua hata moja! Wanaume njo walizipeleka na kuzileta, na siye tukapika.

Kutoka Komanda sikurudi Rwambuzi. Nilishukia Bigo. Mutoto alizaliwa hapa, mwanaume, nikamuita Daniel. Iko na miezi saba. Juma iliyopita muzee alituma salamu: amesikia kama mutoto ana meno mawili.

Nilipoambiwa ile neno, maziwa ilikauka siku nzima.

Hii Jumapili wanakuja. Wanasema ni kunirudisha kwa bwana, na mutoto wao. Innocent atakuwa nao. Gilbert amekwisha kununua kuku. Mama amenionyesha sufuria kubwa, akasema, mwanangu, pika vizuri, wasitusemee vibaya.

Wasichana, nyiye munasoma hii. Sisemi mahari ni mubaya. Ninasema usiombe ngombe kabla hujauliza zinatoka wapi, na zitakwenda wapi, na zinakuja na neno gani ya siri. Uliza mbele ya wote, mu saloni, si mu chumba. Wakikuambia ni mambo ya ukoo, weye pika tu, ujue weye njo uko mu sufuria. Na nyiye makaka: usioe na ngombe za dada yako halafu umwambie avumilie!

Mwalimu wangu alitufundisha ni nani anaamua. Hakutuambia ni nani anawalisha wakati wanaamua. Miye nimejifunza ile peke yangu, na nililipa bei mubaya.

Jumapili watakuta viti vimepangwa, salamu nitawapatia. Lakini mbabula haitawaka. Nimekwisha kumwaga makaa yote mu shimo ya choo, na kuku ya Gilbert nimeifungua kamba. Watakaa mule mu saloni na njaa yao, na miye nitasimama mbele yao na Daniel ku mugongo, sitapiga magoti.

Wakitaka kula kwangu, waingie na Neema.