Kizimahamu na Kawa Tupu

Roboti la maabara liliwasha sigara, likampulizia Nasra moshi usoni, kisha likasubiri. Kwenye kioo cha ukutani, mstari unaoonyesha ubongo wake ulikuwa umelala, hautikisiki. "Hamu, sifuri," roboti likatangaza, na wataalamu wenzake Nasra wakapiga makofi. Nasra naye akapiga, kwa kuwa wote walikuwa wakipiga.

Mwanamke huyo alikuwa amevuta kwa miaka kumi na sita. Wewe! Alivuta kama jiko la kuni mbichi. Daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia kwamba akiendelea hamalizi mwaka, ndipo akaketi kuunda kizimahamu, kidude kidogo kama punje ya dengu, kinachopandikizwa nyuma ya sikio.

Siri yake aliipata kwa mumewe, Hemedi, fundi wa lifti ya anga, ile inayopanda kutoka Tanga hadi kituo kilichoko juu ya mawingu yote. Huko kituoni hakuna ruhusa ya kushika hata kiberiti, na wavutaji walikaa wiki sita wametulia tuli. Lakini lifti ikianza tu kushuka, mikono inawatetemeka. Sigara ni ileile na mwili ni uleule; kilichobadilika ni kutarajia. Ubongo ukijua kitu kinakuja, huanza kukililia. Basi kizimahamu hakikuhangaika na moshi. Kilivizia pale ubongo unapoanza kusema "inakuja, inakuja," kikaunyamazisha.

Ila kizimahamu lazima kifundishwe, na hapo ndipo Nasra alipokosea. Alikifundisha nyumbani, dirishani, mahali alipozoea kuvuta. Na alivuta zaidi lini? Siku za kumngoja Hemedi. Alikuwa akipika, anamfunikia sahani yake kwa kawa, halafu anasimama dirishani na sigara, moja baada ya nyingine, mpaka amwone akikata kona.

Jumamosi hiyo Hemedi alifika saa tisa alasiri, begi begani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," Nasra alisema, bila kuinuka kitini.

Hemedi akacheka. "Leo hata dirishani sikuoni? Haya bwana, nimeshachuja." Akaliendea kawa moja kwa moja, kama ada yake, akalifunua. Chini yake palikuwa na meza tu.

"Mke wangu, njaa inaniuma. Chakula changu kiko wapi?"

"Sikupika chako."

"Si nilikuambia narudi Jumamosi?"

"Uliniambia." Nasra alitafuta maneno yaliyo sahihi, maana alikuwa mtu wa vipimo. "Nilijua unakuja. Ila sikukungoja."

Akachukua kipimo chake cha mkononi, chenye mstari uleule wa ubongo. "Niite jina langu," akasema.

Hemedi akaita. Akaita tena, polepole, kama alivyomwita enzi za uchumba. Mstari ulilala vilevile ulivyolala mbele ya sigara. Nasra akaelewa papo hapo alichokifanya: kidude kilikuwa kimezima hamu ya sigara na ya mume pamoja. Akajua pia kwamba hapa ndipo mtu hulia, lakini macho yake yalikuwa makavu.

"Kizime hicho kidude," Hemedi alisema.

"Nikikizima, sigara zitarudi. Daktari alinipa mwaka."

"Tutapambana nazo wawili. Nitaacha kazi ya lifti, nitakaa na wewe hapa. Subira yavuta heri, Nasra."

"Nikizime nipate nini?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Kitufe cha kuzimia kilikuwa kwenye kipimo alichokishika, karibu na kidole gumba, na hakuona chochote huko mbele cha kumfanya akibonyeze.

Moyo ulimuuma Hemedi, akaogopa hata kumtazama. Akaingia jikoni mwenyewe, akakuna nazi, akapika wali na samaki. Akapakua sahani mbili. Yake aliila amesimama, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Ya pili aliiweka mezani mbele ya mkewe, akaifunika kwa kawa.

Nasra akaitazama. "Mbona unaifunika, na mimi nipo hapa?"

"Hujafika bado," Hemedi alisema, akaenda kusimama dirishani.