Nyuzi Sabini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri Jui-fen alikuwa ameshaamka, kama siku zote. Alifagia mbele ya karakana, akamchemshia Bibi maziwa ya soya, kisha akakaa kwenye kigoda akipiga miayo. Ilikuwa Jumamosi, lakini pale Shenkang, nje kidogo ya jiji la Taichung, Jumamosi ni siku kama nyingine. Karibu kila nyumba ina karakana chini na vitanda juu, na mashine huanza kunguruma kabla watoto hawajanawa uso.

Karakana yao ilitengeneza shafti za mashine za kuchonga chuma, zile zinazozunguka mara elfu kumi na sita kwa dakika huku zikisukuma kisu ndani ya chuma kigumu. Baba alikuwa Vietnam akifunga mashine za watu, kwa hiyo kazi yote ilimwangukia Mama. Wiki hiyo kiwanda kimoja cha mjini kilileta shafti mbovu. Mashine yao ilikuwa imesimama siku nne, na mafundi wake walishinda wamekaa bure. Mama alikesha siku mbili. Aliifungua, akatia beringi mpya, akazipaka grisi, akaifunga. Sasa macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"A-fen, nikiendelea kusimama nitaanguka," alimwambia Jui-fen kwa jina lake la nyumbani. "Leo wewe ndiye utakayeilea shafti hii mpaka saa kumi. Gari la kuichukua linakuja saa kumi na moja jioni."

Jui-fen alikuwa na miaka kumi na mitatu na kazi hiyo aliijua. Grisi mpya hujazana katikati ya gololi za beringi. Shafti ikizungushwa kwa kasi ghafla, gololi huivuruga grisi ile, joto hupanda, chuma hutanuka, na mwisho gololi husuguana na njia yake kavukavu. Kwa hiyo huanzwa na mizunguko elfu mbili kwa nusu saa, kisha shafti hupumzishwa nusu saa. Halafu elfu nne, halafu elfu sita, hivyo hivyo mpaka elfu kumi na sita. Polepole grisi hujisogeza pembeni na kubakiza utando mwembamba unaotosha. Kila robo saa alitakiwa kuandika joto kwenye karatasi. Likipita nyuzi hamsini, alitakiwa kuzima na kusubiri ipoe. Ni kazi ya kuchosha kuliko kubeba matofali, maana hakuna cha kufanya ila kungoja.

Alianza saa mbili asubuhi. Hatua nne za kwanza zilikwenda vizuri, na saa tano na nusu aliizima shafti ipumzike. Aliegemeza kichwa mezani kidogo tu. Wiki nzima alikuwa ametoka shule na kuingia masomo ya ziada mpaka jioni, na mwili ulikuwa unamdai. Usingizi ukamchukua.

Alipozinduka ilikuwa saa nane kasoro robo. Hatua nne zilizobaki zingekwisha saa kumi na moja na zaidi, na gari lingekuwa mlangoni. Angeweza kupanda ngazi na kumwamsha Mama. Alimfikiria amelala pale juu kama gogo, akaona huruma, akaona na aibu. Ndipo akalipua kazi. Alitoka elfu nane akaruka moja kwa moja hadi elfu kumi na sita.

Dakika sita baadaye kipimajoto kilisoma sabini na moja. Alizima haraka. Aliiacha ipoe kabisa, akawasha tena kwa woga, na safari hii haikupita arobaini na tano. Ilizunguka kwa sauti laini, kana kwamba hakuna lililotokea. Basi akachukua kalamu akajaza nafasi zilizobaki: thelathini na nane, arobaini na moja, arobaini, arobaini na tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Roho haikumtulia. Juu ya mashine ilikuwapo pakiti ya kijani ya vitafunio, ile ambayo kila karakana huiweka kwa imani kwamba mashine itakuwa na adabu, isiharibike. Jui-fen alikwenda dukani akanunua nyingine mpya, akaiweka mahali pa ile ya zamani.

Bibi, aliyekuwa akichambua majani ya viazi vitamu mlangoni, alimtazama. "Ile ya zamani muda wake unaisha mwezi wa kumi na mbili. Kwani mashine imefanya nini hata ibembelezwe?"

Jui-fen alisema ameona ile ya zamani ina vumbi. Bibi akaendelea na majani yake.

Mama alishuka saa kumi na nusu, uso una alama za mto. Alisoma karatasi, akawasha shafti, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake akauweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akamshika binti yake begani akamwambia amefanya kazi ya mtu mzima. Sifa ile ilimuuma kuliko kofi.

Mzee Hung wa gari alifika, akaanza kuifunga shafti kwa nailoni na kamba huku akilalamikia mgongo wake. Jui-fen alimwona akifika kwenye fundo la mwisho.

"Mama, nililala," alisema. "Niliruka hatua. Ilifika sabini na moja. Hizo namba nimezitunga."

Mzee Hung aliacha kamba. Mama alikaa kwenye kigoda na kujipangusa uso kwa viganja, mara moja, mara mbili. Jui-fen alisubiri ukali, lakini Mama hakuwa na nguvu hata za kufoka. Alipiga simu kiwandani akasema shafti ina kasoro, itafika kesho jioni. Alisikiliza maneno makali ya upande wa pili bila kujitetea. Halafu akasema, "Lete spana."

Waliifungua pamoja. Mama aliosha gololi moja, akaiweka chini ya lenzi, akamwita atazame. Kwenye chuma kilichong'aa kulikuwa na mstari uliofifia, mwembamba kama unywele, umekwaruzwa.

"Sikio langu halikuusikia," Mama alisema. "Baada ya miezi miwili ungekuwa shimo, na kuna mtu angekuwa amesimama mbele ya mashine hiyo."

Walitia beringi za akiba na grisi iliyopimwa kwa bomba la sindano, kisha wakalala mapema. Jumapili asubuhi Jui-fen alianza upya na elfu mbili. Kwenye elfu kumi na mbili joto lilifika hamsini na tatu. Alizima, akaandika hamsini na tatu, akangoja. Macho yalipokuwa mazito alimwita Mama, naye akashuka kushika zamu.

Jioni Mama alisoma karatasi, kidole kikasimama kwenye ile hamsini na tatu. "Hii ndiyo namba niliyoitaka," alisema. "Kulala si kosa, mwanangu. Jana mimi ndiye niliyemwachia mtoto aliyechoka kazi ya saa nane, na hilo ni langu. Lakini ukichoka, niamshe. Ukikosea, andika ulivyokosea. Chuma kilichoharibika nitakitoa na kutia kingine. Ila karatasi ya uongo nitaiamini, kwa sababu umeiandika wewe."