Salamu ya Mwisho Langoni

Msalimishi, nguzo ya kioo iliyosimama kwenye Lango la Kusini la mji wa Ibadani, haikukosea hali ya mtu. Ilimwona fundi anatoka jasho, ikamwambia Ẹ kú iṣẹ́, salamu ya aliye kazini. Kiyoruba kina salamu kwa kila hali, na nguzo ile ilizisoma hali hizo katika kumbukumbu za mji: kazini, hospitalini, hata ndoani. Mgeni asiyejua kusalimu hakuingia. Wenye mji walikwisha kuchoshwa na watu wanaopita kimya kama mbuzi.

Nyamizi alikuwa na wiki nzima hapo langoni. Ametoka Tabora kwa ajili ya Kalunde, mwanawe wa pekee, aliyeolewa mjini humo na sasa yuko leba. Hakuwa na mwingine duniani, na alitaka amshike mkono. Kupiga magoti, kama wanawake wa mji ule wanavyosalimu, hakuhitaji kufundishwa. Kwao Unyamwezini mwanamke huamkia hivyo hivyo. Ulimi ndio ulikuwa mzito, akafeli mtihani wa lango mara mbili. Salamu moja tu aliishika siku ya kwanza: Ẹ kú ewu ọmọ, wanayopewa mzazi na jamaa zake hatari ya uzazi ikipita salama. Aliisema akinawa uso, aliisema akila.

"Mama, salamu ya mwisho Msalimishi huichagua kutokana na hali yako mwenyewe," alisema Adisa, karani wa lango, kupitia kikalimani, kile kifaa cha kutafsiri kilichokaa sikioni mwa kila mgeni. "Irudie ilivyo. Ukipatia, unaingia."

"Basi naijua, baba. Leo mimi ni bibi."

Adisa alikizima kikalimani, maana mtihani haukubali tafsiri. Akatazama skrini yake, akaiona salamu iliyochaguliwa, akakohoa. Kanuni ilimkataza kueleza lolote, na Adisa alikuwa mtu wa kanuni. Akabonyeza.

"Ẹ kú ara fẹ́ra kù," ilisema nguzo.

Siyo aliyoingojea. Nyamizi aliogopa, lakini aliogopa kufeli tu. Akarudia, taa nyekundu. Akajaribu tena, taratibu, anatabasamu kama mwanafunzi anayemfurahisha mwalimu. Taa ya kijani ikawaka, lango likafunguka.

 Wanawake wawili wa mjini waliokuwa kwenye foleni wakampigia magoti. Nyamizi alidhani wanampongeza, akawapungia mkono.

Adisa akawasha kikalimani. Kifaa hicho kiliundwa kisipoteze neno hata kikizimwa, kikaanza na salamu aliyotoka kuirudia. Kwa sauti yake Nyamizi mwenyewe, na furaha yake yote, kikamnong'oneza sikioni:

"Poleni na msiba. Poleni mliobaki."

Mkono wake ulikuwa bado juu. Aliitazama taa ya kijani, akatamani kwa moyo wake wote afeli tena.

"Pita, mama," Adisa alisema. "Unazuia foleni."