Nyuki wa Mughwai na Bei ya Moshi

Kila alasiri Mughwai alipenda kulala chali chini ya miti ya mitundu, macho nusu yamefumbwa. Mizinga yake ilining'inia juu, nyuki wakivuma, na mvumo ule ulimrudisha taratibu utotoni. Alimwona marehemu baba yake akipanda mti na mwenge wa maganda makavu, cheche zikidondoka kama nyota. Yeye naye alirina asali hivyo hivyo. Alizipenda mno cheche zile.

"Baba Pendo, umelala tena?"

Alikuwa mkewe, Eliza, ndoo ya maji kichwani. "Mgeni wa bima amefika."

Eliza naye alikuwa na ndoto, ila yeye aliiota akitembea. Alitaka pampu ya sola, maji yaje yenyewe kwenye bustani yake ya mchicha. Benki ilikubali kuwakopesha wanakikundi wa kutunza msitu, yeye na mumewe wakiwemo, kwa riba nafuu. Sharti lilikuwa moja: msitu uwe na bima.

Mgeni, binti mpole aitwaye Agnes, alimsalimu Mughwai. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Sepuka."

Walizunguka msituni. Agnes akasimama penye mti wenye shina jeusi.

"Hapa paliungua nini, mzee?"

"Nyasi tu. Nilikuwa narina asali, cheche zikaanguka. Tulizima."

"Basi siwezi kuwapa bima."

Eliza alitua ndoo yake.

"Mwanangu," alisema Mughwai, "miti ni yetu. Ikiungua, bima inapoteza nini?"

Agnes aliketi juu ya gogo. "Nchi nyingine zimeweka bei kwenye moshi wa viwanda. Kiwanda kikitoa moshi, kinalipa. Baadhi ya viwanda huruhusiwa kulipa sehemu kwa watunza misitu kama nyinyi, kwa sababu miti huvuta hewa chafu na kuihifadhi. Mkopo wenu mtaulipa kwa fedha hiyo, sivyo?"

"Ndivyo."

"Miti ikiungua, hewa chafu iliyolipiwa inarudi angani. Kiwanda kitadai. Benki itadai. Wote watatugeukia sisi wa bima. Zamani huu ungekuwa moto wa nyasi tu. Siku hizi moshi una bei, kwa hiyo tunaogopa hata cheche moja."

Mughwai aliguna. "Yaani wenzangu wanalipia moshi wao, na mimi nauchezea wangu?"

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Lakini baba yangu ndiye aliyenifundisha mwenge."

"Alikufundisha nyuki," Eliza alisema polepole. "Mwenge ulikuwa chombo tu."

Mughwai aliligusa lile shina jeusi.

Agnes aliwaonyesha bomba la moshi, kopo la bati lenye mdomo na mfuko wa kupulizia. Moto hukaa ndani, moshi tu ndio hutoka. Wanakikundi walinunua mabomba, wakalima njia pana ya kuzuia moto kuuzunguka msitu wote. Agnes aliporudi kukagua, aliwapa bima, na benki ikatoa mkopo.

Msimu uliofuata, Mughwai alipanda mti na bomba lake. Asali ilikuwa safi, haina majivu. Cheche hazikuwepo, naye alizikumbuka, tena sana.

Aliposhuka alimkuta Eliza ameegemea shina la mtundu, mikono mitupu. Bustanini maji yalikuwa yakitiririka yenyewe kutoka kwenye simtanki, tangi lililojazwa na pampu ya sola. Macho ya Eliza yalikuwa nusu yamefumbwa.

"Mama Pendo, umelala?"

"Niache kidogo," alijibu. "Ni zamu yangu."