Hesabu ya Mabuti

Kila siku akitoka shuleni, binti alipitia duka la chini kuhesabu mabuti ya mpira. Mama yake alikuwa na maduka mawili, moja juu sokoni, jingine chini karibu na stendi, na msimu wa mvua mabuti yalitoka mbiombio. Binti akishahesabu, alimpigia mama simu. Hapo mama alijua duka lipi limepungukiwa mabuti, na mteja amwelekeze wapi.

Jumanne moja uvivu ulimshika. Badala ya kupanda ngazi na kufungua maboksi, aliketi kwenye stuli, akayahesabu kwa macho.

"Ya watoto ni jozi sita, mama," alisema kwenye simu, wala hakuona haya.

Kesho yake alimkuta mama pale dukani, amefura kwa hasira. Kando yake alisimama mwanamke na watoto watatu, matope hadi magotini. Walikuwa wametembea kutoka duka la juu, kwa kuwa mama aliwahakikishia mabuti yapo. Sasa maboksi sita yalikuwa sakafuni, yote matupu. Dada aliyeajiriwa kuuza hapo huyaacha maboksi matupu rafuni ili isionekane tupu.

"Jana zilikuwepo jozi sita," mama alimwambia muuzaji. "Leo hakuna hata moja, na hujaandika kwamba umeuza. Zimeota mabawa?"

"Haki ya Mungu, mama, sijachukua kitu."

"Nipe funguo, uende nyumbani."

Dada alizitoa funguo. Binti angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini dada huyu alikuwa na watoto wawili wanaomtegemea yeye tu.

"Mama, ni mimi," alisema kwa shida. "Sikufungua maboksi. Nilikisia."

Mama alizirudisha funguo kiganjani mwa muuzaji. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

Dada akalia. Binti naye akalia. Kisha akapanda ngazi, akafungua maboksi ya saizi kubwa, moja baada ya jingine, hadi akapata jozi tatu zilizozidi saizi kidogo. Mama aliwapa watoto soksi nene za kujazia, wakaenda zao.

"Usipohesabu, sema hujahesabu," mama alimwambia binti. "Nitakugombeza, yataisha. Lakini leo nimemwita mtu mwaminifu mwizi, kwa sababu nilikuamini wewe."