Nyota ya Penseli

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya shule, nilimsindikiza mama kliniki kusafishwa kidonda. Mama ni fundi cherehani. Alikanyaga msumari, na mguu wake wa kushoto, ule wa kusukumia pedali, ukagoma kupona.

Tulifika wa kwanza tukahudumiwa wa mwisho, siku nyingine hatukuhudumiwa kabisa. Nesi wa chumba cha vidonda tulimwita Sista Kesho, kwa kuwa wimbo wake ulikuwa mmoja: "Njoo kesho." Kwenye kona ya kadi ya mama alikuwa amechora nyota kwa penseli. Mama anaishi na virusi vya UKIMWI na humeza dawa zake kila siku bila kukosa. Nyota ilikuwa ya hilo. Kadi zenye nyota ziliwekwa chini ya zote, na wenyewe walihudumiwa kwa glavu jozi mbili, bila hata kutazamwa usoni.

Mwezi wa pili wa kwenda kliniki kidonda kikaanza kunuka. Nikatoa kifutio changu cha shule nikaifuta ile nyota.

Siku hiyo mama aliitwa wa tatu, akashangaa.

"Karibu, dada yangu," Sista Kesho akasema, meno yote nje. Akaanza kufungua bandeji mikono mitupu. Kidole chake kimoja kilikuwa na mkato mbichi.

Nikisema, mama atarudishwa mkiani na mguu utaoza. Nikinyamaza, je, huyu naye akiambukizwa?

"Sista, vaa glavu!" nikapayuka. "Nyota nimeifuta mimi!"

Aliruka nyuma hadi ukutani. "Mnataka kuniua!"

Kelele zilimleta daktari mkuu. Aliitazama kadi, kisha mikono ya nesi.

"Wale wawili waliotangulia uliwavalia glavu?"

"Hawakuwa na nyota, daktari."

"Walipimwa lini? Unajuaje? Nyota ndiyo iliyokuvua glavu, si mtoto huyu. Damu ya kila mtu huvaliwa glavu, na kila mgonjwa hupewa zamu yake. Zifute zote leo."

Kisha aliinama kuutazama mguu wa mama. Ulikuwa umeoza hadi mfupani, na Ijumaa ukakatwa.

Sista Kesho alikuja wodini, macho mekundu. "Nisamehe, dada. Kesho nitakuja mwenyewe kukufunga bandeji."

Mama alimtazama. Nilidhani atamtukana, na mimi nilitamani amtukane.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini atakayekuja baada yangu, usimwambie kesho." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, kufuta kadi ulikosea. Ungemwendea daktari. Ila uliposema kweli, hukukosea, hata kama imetuuma."

Nilimwitikia, nikabeba vitu vyake kwenda navyo nyumbani. Kiatu cha kushoto sikujua nikiweke wapi.