Sura ya Masika

Kitambaa kilikuwa kikishuka kutoka juu ya mitambo kama maji, na Nyamizi alikikodolea macho bila kupepesa. Roboti za kiwanda zilifuma kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata, lakini Nyamizi hakutumia jicho tupu. Juu ya kila mboni alikuwa na kiwambo, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliobandikwa na fundi na usioweza kutolewa ila na fundi. Kiwambo hakikupitisha mwanga. Kilikuwa na vijicho vyake chenyewe, vidogo kama chembe za vumbi, vilivyoitazama dunia, kisha kikaichora upya kwa upande wa ndani. Uzi uliokatika uliwaka mwekundu. Rangi iliyopauka ilizungushiwa duara. Nyamizi alinyoosha kidole, na mashine ikasimama.

Tabora ya wakati huo yote iliishi kwa viwambo. Bei za sokoni hazikuandikwa popote, wala majina ya mitaa, wala namba za milango. Vyote vilionekana ndani ya kiwambo tu. Asiye nacho hakuajiriwa.

Mume wake, Mihambo, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa dereva wa treni za mizigo mpaka waajiri wake waliponunua vichwa vya treni vinavyojiendesha kwa akili unde. Siku ya kuagwa walimpa kofia na picha ya pamoja. Muda si mrefu bei ya pamba ikaporomoka, na kiwanda cha Nyamizi kikapunguza mishahara. Wakambana mtoto wao Kabula na begi lake kwenye basi, wakampeleka kwa bibi yake Nzega mpaka hali itengemae. Mihambo akarudisha viwambo vyake dukani. Vya Nyamizi walivibakiza, kwa sababu ndivyo vilivyowalisha, ila wakahama kutoka kifurushi kamili kwenda kile cha bei rahisi ambacho watu walikiita Bana.

Tangu hapo kiwambo kikaanza kumchosha. Alipomimina chai, picha iliganda. Machoni mwake birika lilisimama hewani huku chai ya moto ikimmwagikia mapajani. Katikati ya barabara kilimuuliza kama yuko tayari kusasisha. Alipokataa, kilimuuliza tena kwa upole uleule. Asubuhi hakikufunguka mpaka tangazo la mafuta ya kujipaka liishe, naye alikaa kitandani gizani, akimsikiliza mwanamke asiyemjua akisifia ngozi yake.

"Hiki kitu kitaniua," alisema.

"Vumilia, Mama Kabula," Mihambo alimjibu kutoka sebuleni. Siku hizi alikuwa akilala huko, kwa maelezo kwamba joto la chumbani linamzidi. "Mambo yatakaa sawa."

Nyamizi alipotoka chumbani, alimkuta amekaa kwenye kiti chake, uso umejaa, mashavu yanang'aa, shati la bluu limemkaa vizuri. Nyamizi alipata nguvu kila alipomwona hivyo. Aliwaza kwamba angalau kwa huyu shida haijaingia ndani.

Kisha ikaja harufu.

Ilikuwa na utamu wa mbali, kama papai lililoiva kupita kiasi, na chini ya utamu ule kulikuwa na kitu kingine. Nyamizi alidhani ni panya amekufa. Alisogeza kabati, akainua mkeka, akapiga magoti kuchungulia chini ya viti. Kila alipotazama palikuwa safi. Sakafu iling'aa. Lakini kiganja chake kiliposhika sakafu ileile, kiliinuka na mchanga na kitu chenye kunata.

"Baba Kabula, husikii harufu?"

"Harufu gani? Labda ni mfereji wa majirani."

Alikuwa akitabasamu. Nyamizi aliganda pale chini, kitambaa cha kufutia mkononi. Midomo ya mumewe ilicheza sawasawa na maneno, lakini sauti ilitokea chini kidogo ya pale midomo ilipokuwa, kana kwamba aliyesema alikuwa ameinama.

"Umekula?"

"Nimekula mchana. Nimeshiba."

Jumapili alasiri alimwona na uzi mweupe begani, akanyoosha mkono autoe. Vidole vyake havikugusa uzi. Vilipita kwenye bega, vikazama ndani ya shati la bluu, ndipo vikakutana na mfupa. Alipandisha mkono kwenye shavu. Aliliona likiwa nene na laini, na aliviona vidole vyake mwenyewe vikididimia ndani yake mpaka kwenye kucha, kabla ya kugusa ngozi ya moto, iliyolegea juu ya taya. Uso ule uliendelea kumtabasamia.

"Usiniguse," Mihambo alisema taratibu. "Tafadhali, mke wangu."

Nyamizi alichukua mtandio wake, akaenda moja kwa moja dukani kwa viwambo.

Fundi wa zamu alikuwa dada mmoja mpole, Mwamvua, aliyeonekana kuzoea watu wanaoingia wakitetemeka.

"Kiwambo changu kinadanganya," Nyamizi alisema.

"Hakidanganyi, dada. Kinabana." Mwamvua alimvutia kiti. "Kuichora dunia nzima upya kila mara kunakula nguvu nyingi za mtandao. Kwenye Bana tunachora upya vile tu vinavyoweza kukudhuru, kama magari, ngazi na moto, na vile vya kazini kwako. Vingine vinatoka ghalani, picha tulizozihifadhi zamani. Kuta za nyumba yako, vyombo vyako, sura za watu unaowafahamu. Tunaviamsha tu, vipepese, viongee."

"Sura ya mume wangu ni ya lini?"

Mwamvua alitazama hewani, akisoma kitu ambacho yeye pekee alikiona. "Ya masika."

Nje kulikuwa na vumbi la kiangazi, na nyasi zilikuwa zimekauka zamani.

"Vitoe."

"Nikivitoa, ili nivirudishe utalipa kama mteja mpya. Na kazini..."

"Vitoe, mdogo wangu."

Mwamvua alimlaza kichwa, akamdondoshea dawa ya baridi machoni, akavuta. Mwanga wa jua ulimwingia Nyamizi kama pilipili.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akikumbuka njia kwa kukisia. Kuta alizozijua kuwa nyeupe zilikuwa na madoa ya saruji iliyobanduka. Vibao vya maduka vilikuwa mbao tupu. Na watu! Waliwasalimia jamaa zao kwa furaha, wakasifiana kwa kunawiri, na wote walikuwa wamekonda, kola zimekuwa kubwa shingoni. Jirani yao mmoja alimpungia mkono akicheka. Alikuwa amepoteza meno ya mbele, na Nyamizi hakujua ni tangu lini.

Alipofungua mlango, mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha Mihambo aliinua kichwa haraka, kisha akavuta khanga kufunika mguu. Shati halikuwa la bluu. Lilikuwa la kijivu kwa jasho. Kiti kingine kilikuwa kimepinduka, na nzi walikuwa wengi.

Nyamizi alipiga magoti, akaifunua khanga. Kidonda kilianzia kidoleni, na weusi ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo.

"Dawa zako za sukari ziko wapi?"

Mihambo aliangalia pembeni. "Pesa haikutosha vyote viwili. Bila kiwambo ungefukuzwa kazi."

"Ulijua kwamba sikuoni?"

"Nilijua. Mwanzoni iliniuma. Ulikuwa ukiniangalia hapa," alisema, akionyesha hewa juu ya kichwa chake, "unafurahi, unaenda kazini umechangamka. Nikaona afadhali yule wa huko juu akusindikize. Mimi ningekuonyesha nini?"

Nyamizi alimshusha kutoka kitini, akamkumbatia pale sakafuni, na uzito wake ulikuwa kama wa mtoto.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Aliponea chupuchupu. Kiwanda kilimpa mtu mwingine nafasi ya Nyamizi, naye akapata kibarua cha kufua mashuka ya hospitali ileile; kazi iliyomweka karibu na mumewe na isiyohitaji kiwambo chochote.

Jioni moja, saa ya kuona wagonjwa, alikuwa akimlisha Mihambo uji. Kando ya kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, akimpepea mumewe kwa gazeti. Alimgeukia Nyamizi akiwa amejaa furaha.

"Leo ana nafuu kubwa," alisema. "Hebu mwone anavyocheka."

Nyamizi alitazama. Mdomo wa mzee yule ulikuwa wazi, macho nusu. Shuka juu ya kifua chake lilikuwa limetulia kabisa. Mihambo naye aliona, akaushusha mkono wa mkewe na kijiko chake.

"Jana hakuniangalia hata kidogo," yule mama aliendelea, akipepea. "Leo hajayaondoa macho kwangu tangu nilipoingia."

Nyamizi aliweka bakuli chini. Akainuka, akazunguka kitanda, akampokonya gazeti kwa upole.

"Dada yangu," alisema, "nipe mkono wako."

Akaushika, akaushusha polepole, akaupitisha ndani ya kile yule mama alichokuwa akikiona, mpaka ukalala juu ya kifua cha mzee.